Nafasi Tuliyoigawa

Wahenga walisema njia ya siku zote haina alama. Mtu aliyezoea kupita mahali haulizi njia tena, wala hatazami kilichopo kushoto na kulia kwake. Mimi nimeipita barabara inayokatiza mji wa Mwanhuzi kwa zaidi ya miaka 30, kwanza kwa miguu, kisha kwa baiskeli, na siku hizi kwa mkongojo, na nakiri kwamba kwa muda mrefu sikuitazama. Nilianza kuitazama siku nilipoonyeshwa saini yangu mwenyewe. Habari ya siku hiyo nitaieleza mahali pake. Kwanza niruhusu, ndugu msomaji, nianzie mbali kidogo, kwa kuwa mwalimu aliyefundisha historia hawezi kulieleza jambo la leo bila kuuliza habari za jana.

Mwanhuzi ni makao makuu ya Wilaya ya Meatu. Tangu mwaka 2012 wilaya hii imo katika Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake yako Bariadi; kabla ya hapo tulikuwa watu wa Mkoa wa Shinyanga. Mgeni akifika huona maduka, maghala ya pamba, mikokoteni ya ng'ombe na bodaboda, na huenda akadhani kwamba watu walijenga mji kwanza, kisha wakatafuta barabara ya kuufikia. Katika upande huu wa nchi mambo yalikwenda kinyume. Njia ndiyo iliyotangulia.

Babu yangu, ambaye kwa Kisukuma tulimwita guku, alikuwa mmoja wa watu waliokwenda chumvi. Vijana wa leo wakisikia maneno hayo hucheka, kwani chumvi iko dukani. Lakini kabla ya maduka, wanaume wa Kisukuma walikuwa wakifunga safari wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ghalani, kwenda Ziwa Eyasi kuchukua chumvi. Walikwenda kwa makundi, chini ya kiongozi aliyezijua njia na mahali pa maji, na walirudi na mizigo mabegani. Ilikuwa safari ya siku nyingi, safari ya kiu na ya simba. Babu alitusimulia kwamba njia yenyewe ilikuwa nyembamba, mtu nyuma ya mtu, lakini mahali pa kulala palikuwa papana, na hakuna mtu aliyethubutu kupafanya pake. Aliyelala pale leo alijua kwamba kesho atakuja mwingine. Nilipokuwa mtoto niliyasikiliza maneno hayo kama hadithi ya kuletea usingizi. Leo nayaona kuwa ndiyo sheria ya kwanza ya barabara niliyofundishwa.

Baada ya njia za chumvi zilikuja barabara za pamba. Wakati wa Waingereza kila utemi ulitakiwa kufyeka na kutengeneza barabara zake kwa nguvu za watu wake. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulipoanza mwaka 1947, mojawapo ya shabaha zake ilikuwa kuwapunguza watu na mifugo katika sehemu zilizojaa na kuwafungulia ardhi mpya, ikiwa ni pamoja na pori la mashariki ya Maswa, lililokuwa na mbung'o. Wakati huo Maswa ilikuwa wilaya kubwa mno. Bariadi na Meatu zilikatwa kutoka humo baadaye. Watu waliohamia huku walilima pamba, na pamba haina maana kama haifiki kwenye kiwanda cha kuichambua. Mwaka 1955 wakulima wa Kanda ya Ziwa waliunda shirikisho lao la vyama vya ushirika, lililokuja kumiliki viwanda vya kuchambua pamba, na jina la Paul Bomani likajulikana hadi vijijini kwetu. Lori la ushirika likawa ndilo gari ambalo mtoto wa Meatu alilijua. Lilikuja wakati wa msimu, na mvua ikinyesha halikuja.

Kwa nini halikuja? Hapa sina budi kueleza habari za udongo. Sehemu kubwa ya nchi yetu ina udongo mweusi wa mfinyanzi ambao sisi Wasukuma tunauita mbuga. Udongo huo ni rafiki wa mkulima lakini ni adui wa barabara. Ukilowa huvimba na kunata. Ukikauka husinyaa na kupasuka nyufa ambamo mkono wa mtoto huzama. Barabara iliyowekwa juu yake bila maandalizi huinuka na kushuka pamoja nao, mwaka hata mwaka, mpaka ivunjike. Kwa hiyo mjenzi anayejua kazi huuchimba na kuuondoa, au huufunika kwa tuta la moramu iliyoshindiliwa vizuri, kisha huchimba mitaro mipana pande zote mbili na kuweka makalavati ili maji yapite bila kutuama. Asipofanya hivyo, greda lake litarudi kila baada ya masika, na fedha zitapotea kila mwaka.

Ndugu msomaji, naomba uyashike maneno haya, kwa sababu kosa langu limo ndani yake. Katika nchi ya mbuga, barabara si pale tu panapokanyagwa na magurudumu. Mtaro ni barabara. Ukingo wa mtaro ni barabara. Hata ule ukanda wa majani kando ya mtaro, ambapo ng'ombe hupitishwa kwenda mnadani na watoto hutembea kwenda shule, nao ni barabara. Ukiondoa hivyo, umebakiwa na ukanda wa tope.

Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilifika mkoani Shinyanga. Nilikuwa mwalimu kijana, niliyetoka Chuo cha Ualimu Butimba miaka michache kabla ya hapo, nikifundisha katika shule ya kijijini. Walimu tulishikishwa kamba na vigingi ili tusaidie kupima viwanja. Kaya za Wasukuma, ambazo zamani zilikaa mbalimbali, kila moja na zizi na mashamba yake, zilitakiwa kujipanga kwa mistari, mara nyingi kando ya barabara, ili shule, zahanati na duka viwe karibu. Sitaki kuurudia hapa ubishi wa miaka hiyo. Wapo waliopata shule na maji, na wapo waliopoteza miti na mashamba waliyoyatunza maisha yao yote. Nataka kutaja jambo moja tu. Tangu mwaka huo barabara iligeuka kuwa uso wa kijiji. Zamani mlango wa nyumba ulitazama zizi. Sasa ulitazama gari. Kila mtu alitaka kuwa mbele, na kwa kuwa magari yenyewe yalikuwa machache, hakuna aliyeona ubaya wa kusogea mbele hatua moja zaidi.

Meatu ilipofanywa kuwa wilaya katika miaka ya 1980, na Mwanhuzi ikawa makao makuu yake, mimi nilihamishiwa huku kuwa mwalimu mkuu. Nilifika mwaka 1988. Shule yangu, ambayo sitaitaja jina, ilikuwa kando ya barabara, na kati ya madarasa na barabara palikuwa na kiwanja kikubwa ajabu. Wanafunzi walichezea mpira hapo. Jioni wazee walikaa chini ya mti uliokuwa pembeni. Wakati wa ngoma, Wagika na Wagalu walishindania hapo, na watu wakajaa hata usione ardhi. Mimi nilikitumia kufundishia hesabu. Niliwapanga watoto wa darasa la nne, nikawaambia wapime kwa hatua kutoka ukuta wa darasa hadi ukingo wa barabara. Hatua zangu zilikuwa 112. Hesabu hiyo naikumbuka kwa sababu niliirudia kila mwaka.

Lakini shule ilikuwa na shida. Madawati yalikuwa machache, na watoto wengi walikaa chini, wakiandika juu ya mapaja. Ilikuwa zama za Mzee Mwinyi, zama za ruksa, na biashara zilianza kuchipua kila mahali baada ya miaka ya uhaba. Mwaka 1992 wafanyabiashara wadogo walikuja kuniomba sehemu ya mbele ya kiwanja, kando ya barabara, wajenge vibanda. Wangelipa kodi kidogo kila mwezi. Niliitisha kamati ya shule. Mzee mmoja wa kamati alinyosha mkono akauliza, "Mwalimu, hapo mbele ni pa shule kweli?" Nilimjibu kwamba siku zote pamekuwa mbele ya shule, kwa hiyo ni pa shule. Watu walicheka, naye akanyamaza. Nikaandika muhtasari, nikatia saini, na kila mpangaji nikampa stakabadhi yenye saini yangu.

Madawati tuliyapata. Sitasema uongo: siku yalipoletwa, watoto waliyashangilia, nami nilijiona kiongozi hodari. Nikazidi kugawa. Vibanda vya mabati vikawa vya tofali. Nyuma ya mstari wa kwanza ukaota mstari wa pili, na goli la mpira likasogezwa mara 2. Njia ya ng'ombe ikafungwa, wakawa wanapitishwa katikati ya barabara. Mtaro ulifukiwa kipande kwa kipande, kila mwenye kibanda akifukia mbele ya mlango wake ili wateja wavuke bila shida.

Kisha zikaja mvua za El Niño, mwishoni mwa mwaka 1997 na mwanzoni mwa 1998. Wengi mnazikumbuka, reli na barabara zilikatika sehemu nyingi za Tanzania. Kwetu maji yalishuka kutoka upande wa juu wa mji yakatafuta mtaro wake wa zamani, yasiuone. Yakaingia madarasani. Madawati yale yale niliyoyanunua kwa kuuza njia ya maji yalisimama ndani ya maji kwa siku kadhaa. Tuliyaanika juani, mengine yakaachana viungo. Hata wakati huo sikuelewa. Niliilaumu mvua.

Mwaka 2009 nilistaafu. Mwaka 2014, asubuhi moja, nilikuwa nimekaa barazani kwangu akaja mama mmoja niliyemfundisha. Alikuwa fundi cherehani, na kibanda chake kilikuwa katika mstari wa mbele. Alipiga goti akanisalimu, "Shikamoo, Mwalimu." Nikamwitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu." Hakukaa. Alitoa katika kitambaa karatasi iliyokunjwa mara 4, akaifungua taratibu mbele yangu.

"Mwalimu, hii si saini yako?"

Ilikuwa yangu. Akaniambia kwamba wapimaji wamepita, wamechora alama ya X kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wake.

Wakati huo wananchi wengi tulikwisha kujifunza maana ya rangi hizo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, pamoja na kanuni zake za mwaka 2009, iliweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mikoa. Kabla ya hapo kipimo kilichotumika kilikuwa mita 22.5. Aliyekutwa katika nyongeza ile, akiwa amejenga kabla ya sheria, alichorewa X ya kijani, maana yake anastahili fidia. Aliyekuwa ndani ya kipimo cha zamani alichorewa nyekundu, kwa kuwa alijenga mahali ambapo hapakuwa pake tangu mwanzo. Mama yule alikuwa ndani. Jirani yake wa mstari wa pili, hatua chache tu nyuma, alipata ya kijani.

Nilifuatana naye kwenda kuuliza. Tulipokewa kwa heshima, tukaonyeshwa ramani. Kijana aliyetuhudumia aliweka kidole kwenye mstari akasema kwa upole kwamba shule haikuwahi kumiliki ukanda ule. Ulikuwa hifadhi ya barabara. Stakabadhi yangu ilikuwa ushahidi kwamba mama alilipa kodi kwa miaka mingi, basi. Niligawa kisichokuwa changu, wala si cha shule. Nikamkumbuka mzee wa kamati aliyenyosha mkono mwaka 1992. Alikuwa amekwisha kufariki, hata wa kumwomba radhi sikuwa naye.

Mama hakunitukana. Njiani aliniambia neno moja tu: "Mwalimu, mimi nilijua wewe umepima." Nilikuwa nimepima kweli, kila mwaka, pamoja na watoto. Nilihesabu hatua, sikuuliza zinaishia katika ardhi ya nani. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi nimeishi hadi kumwona mjukuu huyo. Nilimsaidia kupata chumba cha kufanyia kazi, lakini haki niliyomnyima sikuweza kuirudisha, wala fedha za pensheni zisingetosha.

Tangu hapo nimefikiri sana juu ya jambo hili, na fikra zangu zimenirudisha kwenye ngitili. Msukuma halisi anajua ngitili ni nini. Ni sehemu ya malisho ambayo mwenyewe huiacha makusudi wakati wa masika, majani yakiwa tele, asiilishe, ili iwasaidie ng'ombe kiangazi kikikaza. Mtu asiyejua akiiona atasema ardhi imelala bure. Katika miaka iliyofuata Operesheni ngitili nyingi ziliachwa, na nchi ikawa kavu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulifanikiwa kwa sehemu kubwa kwa sababu uliirudisha desturi hiyo badala ya kuleta elimu ngeni. Ukanda wa barabara na uwanja wa wazi ni ngitili ya mji. Vinaonekana vimelala bure wakati magari ni machache na watu ni wachache. Vimewekwa kwa ajili ya kiangazi kisichojulikana siku yake.

Nilipokwenda Dar es Salaam kwenye semina, nilipita Mnazi Mmoja. Uwanja ule ulitengwa wakati wa ukoloni kwa nia mbaya, uwe mpaka kati ya Waafrika wa Kariakoo na mitaa ya Wahindi na Wazungu. Wakoloni waliondoka, ubaguzi wao ukaondoka, uwanja ukabaki. Leo una mnara wa Mwenge wa Uhuru, na umekuwa mahali pa mikutano na sala za Idi. Tafakari jambo hilo. Nafasi iliyoachwa kwa sababu mbaya imewafaa wajukuu wa wale waliobaguliwa. Sisi tuliachiwa nafasi kwa sababu njema, tukaigawa.

Siku hizi mambo ya barabara yamepiga hatua, nami nashukuru. Daraja la Sibiti, lenye urefu wa mita 82, limetuunganisha na Mkalama mkoani Singida, mahali ambapo zamani mto ukijaa msafiri alisubiri au alirudi nyuma. Barabara ya Mwigumbi, Maswa, Bariadi hadi Lamadi imewekwa lami. Tangu mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini zina wakala wake, TARURA, na wale vijana wanajua habari za mbuga na makalavati kuliko tulivyojua sisi. Fedha ikipatikana, lami huwekwa katika mwaka wowote. Upana haupatikani hivyo. Upana ukishajengwa juu yake haurudi ila kwa machozi ya mtu, na mara nyingi mtu huyo ni maskini aliyemwamini mkubwa fulani.

Kwa hiyo nawasihi walimu wakuu, wenyeviti wa mitaa na wajumbe wa kamati, watu wa saini kama nilivyokuwa mimi: kabla ya kugawa hatua moja ya ardhi iliyo wazi, kaombeni ramani. Muulizeni mpimaji. Na mzee akinyosha mkono katika mkutano, msicheke kabla hajamaliza.

Mwezi uliopita nilikwenda na mjukuu wangu, aliye darasa la nne, kwenye kiwanja cha shule yangu ya zamani. Vibanda vya mbele vimekwisha ondolewa na mtaro umechimbwa upya. Vya nyuma bado vipo. Nilimwambia apime kutoka ukuta wa darasa hadi mahali kiwanja kinapoishia sasa. Alihesabu kwa sauti, nami nikamfuata kwa mkongojo. Hatua zake ni fupi kuliko zangu za wakati ule, lakini zilifika 71 tu. Akaniuliza, "Babu, zamani zilikuwa ngapi?" Nikamwambia 112. Akauliza zilizobaki zilikwenda wapi.

Nilikaa juu ya ukingo wa mtaro, nikamsimulia yote, kuanzia chumvi hadi stakabadhi. Kisha nikamwambia aandike 71 katika daftari lake, pamoja na tarehe, arudi kupima kila mwaka, na siku ikipungua amwambie mtu.